Masta na Wapitao Kijitoni

Mtaani kwetu Misunkumilo watu wote walimwita Stesheni Masta, na wenye haraka walimwita Masta tu. Hakuwahi kuwa stesheni masta. Kazi yake relini ilikuwa kushika bendera na kuvuta kile chuma kirefu kinachobadilisha njia, ili treni iende huku au iende kule. Hilo aliniambia mwenyewe, siku nilipomwuliza inakuwaje mtu anayechukia uongo kama yeye anaitikia cheo ambacho si chake.

"Umewahi kuona mahali nimeandika kwamba mimi ni masta?" aliniuliza.

"Hapana."

"Basi. Wanasema wao. Mimi najibu kwa nilichoandika."

Kwao hasa ni wapi sikuwahi kuuliza, na yeye hakuwa mtu wa kueleza mambo ya ukoo. Aliishi peke yake katika nyumba ya tofali za kuchoma yenye mlango wa buluu. Alikuwa na binti Tabora aliyempigia simu kila Jumapili, na simu hiyo aliipokea akiwa amesimama wima, hata kama alikuwa anakula. Alivaa koti la kaki lenye mifuko minne, kiangazi na masika. Mfuko mmoja ulikuwa wa kalamu, mmoja wa leso, na miwili ilikuwa wazi siku zote. Alisema mtu akijaza mifuko yote hana pa kuweka kitakachotokea.

Kazi yake baada ya kustaafu ilikuwa kuandika vipepeo. Najua hilo linachekesha, na watu walicheka kweli. Alinunua kaunta buku sokoni Kashaulili, akaipiga mistari kwa rula, na tangu hapo kila kiangazi, kuanzia mvua zinapokatika mpaka zinaporudi, alikaa asubuhi katika bustani iliyo nyuma ya nyumba yake, kati ya mbaazi na alizeti. Ikifika saa tatu alishuka kijitoni na kigoda chake, akakaa ng'ambo ya kivuko, akaandika kila kipepeo aliyepita. Hakuwa na wavu wala chupa. Hakumshika hata mmoja. Aliwaandika kama treni: saa, jina, ametoka wapi, anakwenda wapi, amesimama au hakusimama.

Majina yao alitunga mwenyewe. Yule wa rangi ya chungwa mwenye ncha nyeusi na madoa meupe, anayeruka polepole kana kwamba hajui kuna ndege duniani, alikuwa Mizigo. Weupe wanaokuja kwa makundi walikuwa Abiria. Mweusi mwenye mabaka ya kijani, anayepita kwa kasi mpaka shingo yako haiwahi kumfuata, alikuwa Bendera. Wale wadogo wa buluu, ambao wakifunga mabawa wanabaki kama kijikaratasi kilichokatwa, walikuwa Tiketi. Na alikuwepo mmoja mwekundu ambaye mabawa yake ya mbele hayana rangi, unaona majani kupitia humo kama mtu anayechungulia nje. Huyo aliitwa Dirisha. Nadhani ndiye aliyempenda kuliko wote, ingawa hakusema. Akimwandika Dirisha mkono wake ulipunguza mwendo na herufi zilitoka nzuri.

Jioni, kabla ya kufunga kitabu, aliandika pia wale ambao hakuwaona. "Bendera: hakupita. Dirisha: hakupita." Alisema relini ndivyo walivyofanya. Treni isipokuja unaandika kwamba haikuja, maana usipoandika, kesho mtu atasema ilikuja ukiwa umelala.

Asichokiona hakukiandika. Kulikuwa na mama mmoja mwenye bustani ya mchicha kandokando ya kijito, mtu wa kucheka sana na wa kukasirika sana, ambaye sisi wote tulimwita Mama Mchicha. Siku moja alimjia Masta akiwa amepanua viganja.

"Masta, jana jioni nimeona kipepeo kwenye nyanya zangu, mkubwa hivi! Mweupe na mweusi. Andika."

"Jana jioni nilikuwa wapi?"

"Nitajuaje ulikuwa wapi? Andika bwana, mimi nimemwona kwa macho yangu."

"Basi mwandike wewe."

"Mimi nina kitabu?"

"Basi kwangu hakupita."

Mama Mchicha alienda akilisimulia hilo mtaa mzima, na kila aliposimulia kipepeo alizidi kukua. Lakini jioni ileile alimtumia Masta fungu la mchicha, kama alivyokuwa akifanya kila siku ya pili. Alimpenda. Watu wengi wa pale, wale waliozaliwa hapa na wazazi wao wakazaliwa hapa, walimpenda hivyo hivyo, kwa kumcheka.

Sisi tulimwogopa.

Baba alituhamisha kutoka kaskazini na ng'ombe wake nilipokuwa darasa la pili. Mimi ni msichana, mtoto wa kwanza, na walionifuata nao walikuwa wasichana kwa muda mrefu, kwa hiyo uchungaji ukawa wangu: kwanza Jumamosi na Jumapili, halafu, nilipomaliza darasa la saba, kila siku. Mwenyekiti wa mtaa wa wakati ule alituonyesha njia ya kufikia maji. Ni kichochoro kinachopita kati ya bustani za mboga na shamba la Masta, kinaishia kwenye kivuko. Hatukuwa na njia nyingine. Maji mengine yako mbali kiasi kwamba ng'ombe wangekwenda wakanywa, wakarudi nyumbani na kiu ileile. Kichochoro kile kikifungwa, ingembidi Baba auze ng'ombe au ahame tena.

Na kila tulipopita pale, Masta alitazama saa yake, akafungua kitabu, akaandika.

"Yule mzee anatuandika," Baba alisema nyumbani. Alikuwa ameshahamishwa mahali pawili kabla ya kufika huku, na mara zote mbili ilianza na mtu mwenye kalamu. "Siku moja atazitoa hizo karatasi."

Masta mwenyewe hakutusaidia kumfikiria vizuri. Hakupenda ng'ombe. Wakikaribia alitoa leso akaziba pua. Aliwaita mabehewa, na akiona mmoja ametoka njiani alisimama juu ya kigoda na kupiga kelele: "Nyie! Wewe binti! La mwisho limeacha reli!" Nilikuwa na aibu nyingi. Nilimpiga yule ng'ombe wa mwisho, nikapita nimeinamisha kichwa, na siku nzima nilisikia kalamu yake mgongoni.

Kiangazi hiki cha kwetu kina saa moja ya ajabu, kati ya saa tano na saa sita. Upepo unakufa. Miombo imeshamaliza majani, jua linashuka moja kwa moja mpaka chini, vumbi linasimama hewani bila kwenda popote. Ng'ombe wakishakunywa wanalala, na wewe uliyewaleta unakuwa kama unaota macho wazi. Sauti za watu bustanini zinafika kwa kuchelewa. Ni saa hiyo nilipomkuta Masta amepiga magoti kwenye tope la kivuko, tope lililokanyagwa na ng'ombe wetu asubuhi ileile, linalonuka mikojo yao. Leso ilikuwa puani. Mkono mwingine aliuinua kunizuia.

"Usikanyage," alinong'ona. "Usimame hapohapo."

Nilitazama chini nikadhani mbingu imemwagika. Tope lote lilikuwa la buluu. Tiketi, hata sijui walikuwa wangapi, wamekaa begani kwa bega, wanafungua mabawa na kufunga, wanafungua na kufunga, kila mmoja kwa wakati wake, kama kitu kimoja kikubwa kinachopumua.

"Wanakunywa chumvi," alisema Masta. "Chumvi ya mabehewa yako. Kabla hamjaja nyie sikuwahi kuona zaidi ya watatu."

Alinipa kitabu nikishike ili aweze kuinuka. Ndipo nikaona ukurasa. Nasoma polepole, ninafuata na kidole, na nilisoma kwa sauti bila kujua: "Saa nne na robo. Ng'ombe thelathini na mmoja. Kutoka kichochoroni, kwenda majini. Wamesimama. Saa tano kasoro tano. Tiketi sitini na zaidi. Wametoka kila upande. Wamesimama."

"Ndicho unachotuandika?" nilimwuliza. Lilikuwa swali refu kuliko yote niliyowahi kumwuliza mtu mzima asiye ndugu.

"Ninaandika wanaopita. Nyie si mnapita?"

Kisha akaniambia nisome ukurasa mwingine, na mwingine. Nilimwomba radhi kwa kusoma taratibu.

"Wanaosoma haraka wanasoma kilichomo vichwani mwao," alisema. "Wewe unasoma kilichoandikwa. Endelea."

Baada ya siku hiyo sikumwogopa tena, ingawa Baba hakuniamini. Kila nilipopita aliniuliza, "Mabehewa mangapi leo?" nami nikamjibu, naye hakuliandika jibu langu mpaka amewahesabu mwenyewe. Hakuacha kuziba pua. Ng'ombe wetu mmoja alipokula matembele yake, alinitukana mpaka nikalia, halafu akaandika saa na idadi ya mashina yaliyoliwa, akaniuliza kama nakubali idadi hiyo.

Siku ya Abiria nitaisimulia hata kama watu watasema nilikuwa na homa. Walianza asubuhi, mmoja mmoja, weupe, wote wakitoka upande mmoja na kwenda upande mmoja, juu kidogo ya kichwa cha mtu. Kufika saa nne walikuwa hawana mwisho. Hawakusimama kwenye ua wala kwenye maji. Walipofika kwenye ukuta wa nyumba waliupanda, wakashuka upande wa pili, wakaendelea. Nilikuwa naleta ng'ombe kwenye kivuko, na Masta alikuwa amesimama katikati ya kijito, maji yamefika kwenye vigimbi vya miguu, suruali haikukunjwa. Alikuwa na bendera zake mbili za zamani, ambazo sikuwahi kuziona kabla. Akaninyooshea ile nyekundu.

Nilisimamisha ng'ombe. Sijui kwa nini walitii, walikuwa na kiu. Walisimama kichochoroni, pembe zao kama matawi, na weupe wale walipita katikati ya pembe, juu ya migongo, mbele ya macho yao makubwa yasiyopepesa. Masta aliinua ile ya kijani juu ya kichwa na kuishikilia hapo. Mama Mchicha aliacha kumwagilia, na ndoo ilibaki inavuja mkononi mwake. Ilikuwa kama sote tuko chini ya maji, na juu yetu ndiko wanakoishi wanaojua waendako.

Jioni nilimwuliza ameandika wangapi.

"Nimeandika: Abiria, tangu asubuhi hadi saa nane. Sikuweza kuhesabu." Akafunga kitabu. "Ni mara ya kwanza kuandika neno hilo, sikuweza."

Mwaka uliofuata kijito kilipungua. Kilikuwa kinapungua kidogo kidogo, lakini mwaka ule watu wa bustani walishika ndoo nusu na kuangalia upande wetu. Maneno yakaanza. Ng'ombe wa wahamiaji wamemaliza maji. Ng'ombe wamebomoa kingo. Ng'ombe wamefukuza mpaka vipepeo, mwulizeni Masta, amewaandika siku zote, ana saa na tarehe za kila uharibifu. Mwenyekiti mpya akaitisha kikao, na ajenda ilikuwa moja: kufunga kichochoro.

Usiku wa kuamkia kikao Baba hakula. "Nilisema atazitoa," alisema.

Tulikaa katika darasa la shule ya msingi. Watu wazima walikuwa kwenye madawati ya watoto, magoti juu. Mama Mchicha alisema vizuri, kwa uchungu wa kweli, maana mchicha wake ulikuwa umenyauka na watoto wake waliusubiri. Kisha akamgeukia Masta huku akitabasamu, kama mtu anayemkabidhi mwenziwe mwisho wa wimbo.

"Shahidi wetu yule pale. Masta, soma baba. Wasikie wenyewe."

Masta alisimama na kaunta buku zake zikiwa zimefungwa kwa kamba. Akafungua ya kwanza kabisa, ya mwaka alipostaafu, na kuanza kusoma. Mstari kwa mstari. Saa, jina, kutoka, kwenda.

Baada ya robo saa mwenyekiti alikohoa. "Mzee, tusaidie, tupe muhtasari."

"Sina muhtasari. Nina kitabu."

"Basi tusomee zile za ng'ombe tu."

"Zimo humuhumo. Zitafika."

Akasoma. Watu walipiga miayo, wawili walilala, mmoja alitoka kununua karanga akarudi akakuta bado ni mwezi wa sita wa mwaka wa kwanza. Lakini polepole, kama macho yanavyozoea giza, masikio yalianza kusikia. Mwaka wa kwanza: Tiketi wawili. Tiketi mmoja. Tiketi hakupita. Hapakuwa na ng'ombe. Kisha tukafika sisi, na Tiketi wakawa kumi, thelathini, sitini na zaidi. Mizigo hawakupungua. Bendera hawakupungua. Baba, ambaye Kiswahili chake ni kizito, alianza kuinua kichwa.

Halafu Masta akafika kwenye mengine, na sauti yake haikubadilika. Mwaka wa pili wa ng'ombe: "Ng'ombe wanane wamepanda ukingo wa juu, wamekula na kukanyaga mti wa kutambaa. Dirisha mmoja, amezunguka, hakupata pa kukaa." Mwezi uliofuata: Dirisha hakupita. Dirisha hakupita. Dirisha hakupita. Alisoma "hakupita" zote, hakuruka hata moja, na nilihisi kila moja imeandikwa kwa jina langu.

"Saa nane kasoro kumi," alisoma. "Ng'ombe wawili ndani ya bustani ya mchicha. Mchungaji amelala."

Darasa lote lililipuka kwa kicheko. Mwenyekiti akauliza kama mchungaji yupo. Nilisimama. Mimi nikiulizwa jina mbele ya watu hulisema kwa kunong'ona.

"Ni kweli ulilala?"

Nilimtazama Baba, naye alikuwa anatazama dawati. Kusema si kweli kulikuwa kwepesi; hakuna aliyeniona isipokuwa mzee mmoja. Lakini kama ukurasa ule ulikuwa uongo, basi na za Tiketi zilikuwa uongo.

"Ni kweli," nilisema. "Nililala. Wawili, kama alivyosoma."

Ilipofika adhuhuri alikuwa amemaliza. Katika miaka yote ile, ng'ombe waliingia bustanini siku mbili tu. Mwenyekiti, aliyekuwa amekuja na uamuzi mfukoni, alikuna kichwa. Akasema kichochoro kitabaki. Ng'ombe wataishia kivuko cha chini, saa zilezile, na Baba atauzungushia ukingo wa juu boma la miiba kwa mkono wake, mnyama hata mmoja asifike huko.

Mama Mchicha alimfuata Masta mlangoni. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Wewe uko upande gani, Masta?"

"Mimi nilikuwa nimekaa ng'ambo, mama. Huko unaona pande zote mbili."

"Basi kaa hukohuko."

Mchicha ulikoma. Salamu za wengine nazo zilipungua. Nilimwona asubuhi nyingi akila kiazi cha kuchoma bila mboga, kitabu gotini, na hakulalamika, wala hakuandika.

Kesho yake baada ya kikao Baba alikuwa ameamka mapema kuliko sisi. Alichagua mtamba mmoja mwekundu mwenye paji jeupe, akamwogesha, akamfunga kamba mpya, akaniambia tufuatane. Tulimkuta Masta kwenye mbaazi zake.

"Nimekuletea huyu," alisema Baba.

"Wa nini?"

"Wa shukrani."

Masta alitoa leso lakini hakuiweka puani. "Mrudishe, jirani."

"Sijakuelewa."

"Jana nimesoma kitabu mbele ya watu. Leo akionekana ng'ombe wako uani kwangu, kitabu chote kinageuka kuwa cha ng'ombe. Cha jana, cha mwaka juzi, mpaka ile siku ya Abiria. Watasema nilinunuliwa, na watakuwa na haki ya kusema."

"Kwetu mtu hakatai ng'ombe," alisema Baba. Sauti yake ilikuwa chini sana. "Kukataa ng'ombe ni kusema hatujuani."

"Na relini mshika bendera hapokei kitu kwa dereva. Nisamehe."

Baba alimgeuza mtamba, tukarudi. Nilitaka kusema kitu kwa Masta, na nilitaka kusema kitu kwa Baba, na njia ilikuwa fupi, ikaisha.

Viangazi viwili vikapita hivyo. Mimi nilisalimiana na Masta kila siku. Baba alizunguka kwa nyuma ili asikutane naye. Alipouza ng'ombe kununua mabati, yule mtamba hakumgusa, na mtamba huyo alipozaa, Baba hakumkamua mbele ya wageni. Nilidhani ni hasira. Kutoa kumemgandia moyoni, nilifikiri, na hataki kumwona wala kumwuza.

Kwenye ukingo wa juu, nyuma ya miiba ya Baba, mti wa kutambaa ulichipua tena. Asubuhi moja, Masta akiwa bado bustanini kwake, nilimwona Dirisha. Nilisimama nikamtazama mpaka akapotea, nikakimbia kumwambia.

"Alikaa juu ya nini?" aliuliza.

"Juu ya ule mti. Jani la chini."

"Mwekundu hasa, au wa kahawia?"

"Mwekundu. Niliona fimbo yangu kupitia bawa lake."

"Alikwenda upande gani?"

Aliniuliza upande gani mara tatu. Jioni nilipopita na ng'ombe alinionyesha kitabu bila mimi kuomba. Kwa mwandiko mzuri kuliko wote niliowahi kuuona palikuwa pameandikwa: "Dirisha: hakupita."

"Lakini nilimwona, Masta."

"Najua umemwona." Alinipapasa kichwa, jambo ambalo hakuwahi kufanya. "Mimi sikumwona."

Mwaka huu, kiangazi kilipofika, kigoda kilishuka kijitoni siku chache tu. Magoti yake yalikuwa yamevimba. Niliona akisimama njiani, akirudi, akisimama tena. Halafu hakuonekana kabisa, na kwenye kivuko ng'ombe walikunywa bila kuhesabiwa na mtu.

Alikuja kwetu alasiri, saa ambayo ng'ombe wanarudi. Hakuwahi kufika nyumbani kwetu. Alikuwa anaegemea fimbo, na kwapani hapakuwa na kitabu. Bila kitabu alionekana mwembamba, kama mtu aliyevua koti. Baba alikuwa anafunga miti ya zizi.

"Hodi."

"Karibu," alisema Baba, na hakugeuka.

"Nimekifunga kitabu," alisema Masta. "Juzi. Miguu imekataa kushuka, na mimi siandiki nisichokiona. Nimepiga mstari chini, nikatia sahihi."

"Pole."

"Kwa hiyo sasa mimi si shahidi wa mtu yeyote. Ni jirani tu. Nimeona nije nikwambie hilo."

Baba alifunga fundo, akalivuta kulijaribu. Kisha akaweka kamba chini na kuingia zizini, katikati ya ng'ombe, akapotea kwenye vumbi lao lililojaa jua. Nilidhani amemwacha mgeni amesimama, na nilitamani ardhi inimeze. Alipotoka alikuwa anamwongoza yule mwekundu mwenye paji jeupe, sasa ni ng'ombe mzima, na ndama akimfuata.

Akamsimamisha mbele ya Masta.

"Ndiye?" aliuliza Masta.

"Ndiye. Na mwanawe."

"Si nilimkataa?"

"Wewe ulikataa kupokea," alisema Baba. "Mimi nilikuwa nimeshatoa. Hapa alikuwa anachungwa tu, mwulize binti yako huyu, amemnywesha siku zote. Ila hatukumpa jina. Jina linatoka kwa mwenyewe."

Nilisikia ng'ombe wengine wakisukumana kuingia. Mkono wa Masta ulikwenda kwenye mfuko wa leso, ukakaa humo, ukatoka mtupu.

"Mpe jina, babu," nilisema, kwa sauti, mbele ya watu wawili wazima.

Alisogea hatua moja, na nyingine, mpaka pumzi ya ng'ombe ikamfika kifuani. Akaegemeza fimbo kwenye mti wa zizi.

"Subiri," alisema. "Kwanza nimwangalie."